Kamio ya Bukari

Ninyi wenzangu wa pale kwa fundi wa kinga, mwenye kutengeneza baiskeli zetu karibu na reli, tangu nilirudi muliniuliza neno moja tu: ni kweli Madame Ngoie aliroga kamio, lile lori la Bukama? Kila mara nilikohoa, nikashika mbavu, nikasema bado naumwa. Sasa mbavu zimepona. Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tano wa shule ya msingi, na ule mwaka wenyewe sikuumaliza, basi musichekelee mwandiko. Mambo ya safari nitayaweka kama yalivyokuja, na wenye makosa nitawataja kwa majina. Nimechoka kusikia watu wanasema "ajali, ajali," kama vile ajali ni mutu aliyepita njiani, akatugonga, akaenda zake.

Madame munamujua. Anafundisha fizike, anaimba kwa Wametodisti, anavaa saa kubwa ya kiume. Leo wazazi wanawatoa watoto wao darasani mwake, na mukubwa wa shule amemuambia akae nyumbani mpaka watu watulie. Watu hawatulii kwa sababu mutu mumoja amekaa nyumbani. Kwa hiyo ninaandika.

KAMINA, PARKINGI

Nilikuwa ninapeleka mashini ya kusaga kwa yaya yangu, dada yangu mukubwa, jina lake Mujinga, kule Katoto, karibu na Bukama. Huko wanawake wangali wanatwanga muhogo kwa mikono mpaka mabega yanapinda. Mashini ilikuwa chuma kitupu, na gurudumu lake peke yake liliwashinda watu wawili. Wanaume wanne waliibeba kutoka kwangu mpaka parkingi, wakaiweka chini mara tatu ili wapumue.

Kamio ilikuwa ya shofere Mwilambwe. Mwenye kupanga mizigo alikuwa mutu mumoja mwenye mikono kama miti, wote wanamuita Grue, kama ile mashini ya kuinua vitu bandarini. Shikeni majina hayo mawili.

Munajua desturi ya kamio zetu. Muzigo wa mwenye kufika mbali unaingia kwanza, unakaa chini. Muzigo wa mwenye kushuka njiani unaingia mwisho, unakaa juu, ili mizigo ya wengine isipakuliwe kwa ajili yake. Siku ile karibu wote walikuwa wa Bukama, na vitu vyao vilikuwa vyepesi: magodoro, mabeseni ya plastiki, mafurushi ya nguo za mutumba. Mimi na mutu wa sementi njo tulikuwa wa kushuka mbele ya wengine, njiani.

Lakini nitasema ukweli wa Grue. Alipoinua upande mumoja wa mashini, aliirudisha chini akaniangalia.

"Papa Banza, hii kintu iko buzito sana. Tuyiweke chini."

"Chini? Na tukifika ku njia panda ya Katoto, njo weye utashusha magodoro yote juu yangu? Mutanipeleka na yo mpaka Bukama, nirudi na yo ku kichwa."

"Papa, minyi nakuambia tu."

Nilikuwa na jogoo mumoja, zawadi ya kumupelekea yaya, amefungwa miguu. Nikamupa. Grue akamushika, akamupima kwa mukono, akacheka: "Eh! Hii jogoo inaongea muzuri kupita weye." Mashini ikapanda juu kabisa, juu ya magodoro, na mifuko ya sementi kando yake. Wakaifunga kwa kamba.

Madame Ngoie alifika wakati huo. Alikuwa anaenda Bukama kusimamia mitihani. Alisimama nyuma ya kamio, akainua kichwa, akakaa hivyo kama mutu anayesoma tangazo.

"Chofere," akasema, "muzigo yako iko na kichwa kubwa na miguu ya sponji. Itaanguka."

Neno hilo, "itaanguka," wote walilisikia. Mwilambwe alikuwa anakula karanga. Akamujibu bila kusimama: "Madame, fizike ni ya ku tableau ya shule. Ku barabara ni ya Mwilambwe. Panda, ao bakia."

Akapanda. Mitihani haingoji.

KUTOKA KAMINA MPAKA KIJIJI CHA NYUMBA SITA

Tulikaa juu ya mizigo, watu kumi na kitu. Kando yangu alikuwa mama mumoja, mwenye magodoro mengi, tulimuita Mama Godoro na yeye alikubali. Barabara munaijua, mashimo yake ni makubwa kupita nyumba zingine. Kila mara Mwilambwe aliposhika freni, nilikwenda mbele nikamuangukia yule mama.

"Papa! Unanisukuma juu ya nini? Uko na bibi ku nyumba?"

"Siyo minyi, Mama. Ni freni njo inanisukuma."

"Freni iko na mikono?"

Madame akacheka. "Hata freni haimusukume, Mama. Freni inashika gari tu. Papa Banza hakuna mwenye kumushika, njo maana anaendelea na safari."

Watu walicheka sana, na Mama Godoro akafunga kitenge chake kwenye mukono wangu, upande mwingine kwenye kamba. "Sasa weye pia uko na freni," akasema. Ninakumbuka kicheko hicho kwa sababu baadaye mama huyo huyo hakucheka.

Mchana springi ya nyuma ilivunjika. Tulikuwa kwenye kijiji cha nyumba sita. Mwilambwe alimutuma mutu wa pikipiki atafute chuma kingine, sisi tukangoja siku hiyo na siku iliyofuata. Mama mumoja wa hapo alitupikia bukari, ugali wa muhogo na mahindi, nyeupe, ngumu vizuri, na sombe, yale majani ya muhogo, yenye mafuta mekundu ya ngazi. Sijala sombe kama ile tena.

Siku ya pili akapita mutu wa kinga. Mwanaume wa miaka yangu, mukavu, suruali imekatwa kwenye magoti. Alisema anaitwa Numbi, anatoka kijiji cha nyuma ambacho tulikipita, anashusha muhogo mukavu mpaka mtoni ili arudi na samaki. Haendeshi kinga, anaisukuma kwa miguu, siku tatu, nne. Mifuko mitatu mizito, na hakuna hata mumoja kwenye siti. Ilining'inia pembeni za magurudumu na katikati ya chuma, karibu inagusa mavumbi.

Madame alimuendea. "Tata Numbi, kwa nini umefunga chini hivi?"

Numbi alimuangalia kama mutu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu kwenye miguu. "Ukiweka juu, Mama, kinga inakuwa na kiburi. Ikitikisika kiloko tu, inakutupa. Ukiweka chini inasikia."

"Mumesikia?" Madame akatugeukia. Alikuwa na furaha kama mutu aliyepata ndugu. Akachukua mukebe mutupu wa tomati, ule murefu, akausimamisha kwenye sahani. Akakata bukari, akafanya donge, akaliweka juu ya mukebe. "Hii ni kamio ya Mwilambwe. Donge ni mashini ya Papa Banza. Angalieni kona." Akaigeuza sahani kwa haraka. Sahani ilizunguka, mukebe ulijaribu kufuata, donge halikufuata. Likaanguka, likauvuta mukebe pamoja nalo.

Akarudia. Ikaanguka. Akarudia mara ya tatu. Halafu akaliingiza donge ndani ya mukebe, chini kabisa, akaigeuza sahani vilevile. Mukebe ulitikisika, ukabaki umesimama.

"Dunia inavuta kila kitu," akasema. "Haina hasira na mutu. Inavuta tu, usiku na mchana. Kama uzito iko chini, ule uvuto unakusimamisha. Kama iko juu, unakulaza."

"Madame anacheza na chakula!" Grue akapiga kelele kutoka chini ya kamio. Watu wakacheka tena. Mimi nilikuwa na njaa. Nililichukua donge, nikalichovya kwenye sombe, nikalila. Numbi akasema: "Baba, umekula mashini yako!" Tena tukacheka.

Halafu Numbi akainua macho kwenye kamio. "Ile mashini ingekuwa yangu," akaniambia pole pole, "ningeyifunga chini ya tumbo ya gari."

Nilimusikia. Ningeweza kusema siku ile tuipange upya, tulikuwa na siku nzima, watu na mikono, hakuna kazi nyingine. Nilifikiri juu ya jogoo ambaye tayari alikuwa ndani ya chungu cha Grue. Nikaomba sombe ingine.

MUTELEMUKO

Springi ilipofika, Mwilambwe alikuwa na moyo muzuri. Akamuambia Numbi: "Vieux, muzee, panda. Utasukuma mpaka lini?" Wakaifunga kinga yake pembeni ya kamio. Numbi alipanda, akatafuta mahali pa kushika, akakaa kando ya mashini kwa sababu ilikuwa na kivuli kidogo na chuma cha kushika. "Wafwako," akasema, kwa Kiluba, asante. Akaniachia nafasi ya miguu.

Pale nchi ya juu inapoishia na barabara inaanza kushuka kwenda bonde la Lualaba, Mwilambwe alifanya kile wanachofanya wote, na wote tunajua wanakifanya, na hakuna anayesema. Alitoa vitesi, zile gia, ili gari lisile mazutu, dizeli yake. Kelele ya moteri ilikatika. Mutanicheka, lakini ilikuwa vizuri. Tulisikia ndege. Upepo ulikuwa baridi. Mama Godoro alifunga macho.

Hakuna mutu aliyekanyaga kitu, na gari liliendelea kuongeza mbio. Hicho njo kitu ambacho ninakifikiri mpaka leo. Moteri ikikimbiza gari, shofere anaweza kuinyima mazutu. Dunia ikikimbiza gari, utainyima nini?

Madame alipiga paa la shofere kwa saa yake. "Mwilambwe! Rudisha vitesi! Rudisha!" Tukasikia anatafuta vitesi, chuma kinalia, haingii. Akashika freni. Harufu ya kuungua ikapanda. Freni ilishika kidogo, halafu ikachoka.

Chini kulikuwa na kona ya kushoto. Mwilambwe alikata usukani, na matairi yalimutii, siwezi kusema hayakumutii. Gari liligeuka. Mashini haikugeuka. Niliona kamba inakatika uzi kwa uzi, na mashini inakwenda pale ilipokuwa inakwenda tangu zamani, mbele, kama hakuna kona. Ikaenda na Numbi. Uzito wake ukalivuta gari lote, magurudumu ya upande wetu yakaacha udongo, gari likalala ubavu, na mimi nikatupwa juu ya magodoro ya Mama Godoro. Magodoro hayo njo sababu niko hai, ninaandika.

Sementi ilitupaka weupe wote. Mutu akilia, machozi yalifanya njia kwenye uso. Watu watatu walivunjika mifupa. Numbi alikuwa chini ya mashini yangu, na hatukuweza kuiinua. Tulikuwa zaidi ya watu wanne, lakini nguvu ilikuwa imetutoka.

Mwilambwe alifungua mulango, akaangalia, akaingia porini. Hakurudi.

KIWANJA CHA CHIFU

Watu wa kijiji cha chini walikuja na vitanda vya miti, wakatubeba. Infirmier, muuguzi wa pale, alinifunga kifua kwa kitambaa. Jioni wakatukusanya kwenye kiwanja cha chifu, ili waelewe ni nini kimeua mutu.

Grue alisimama mbele ya wote. Mimi nilifikiri atasema vitesi, freni, kamba. Akanyoosha kidole.

"Muulizeni huyu mama! Kamina alisema itaanguka. Ku njia alitengeneza kamio ya bukari. Alitia mashini juu. Aliangusha mara tatu! Bote baliona! Na sasa muntu amekufa."

Kiwanja kikaunguruma. Mama Godoro, mukono wake umevunjika, alilia: "Aliangusha na mikono yake, nilimuona!" Chifu hakuwa mutu mubaya, alikuwa mutu mwenye woga. Akageuka kwangu kwa sababu mimi nilikuwa mukubwa kwa umri.

"Papa, weye uliona?"

Nikajibu: "Niliona."

Hilo tu. Ilikuwa kweli, niliona. Ningeweza kuongeza kwamba alifanya vile kutuonya. Ningeweza kusema mashini ni ya nani, na nani alitoa jogoo. Nilisema neno moja la kweli, nikaliacha lifanye kazi ya uongo.

Wakamuvua Madame viatu, wakamuvua saa. Walipomupitisha mbele yangu alisimama, akaniangalia, si kwa hasira.

"Papa Banza, ile bukari ulikula weye. Ilikuwa na dawa gani?"

Wakamufungia ndani ya nyumba ya jikoni siku mbili, mpaka infirmier alipochoka na aibu yetu, akamutoa kwa nguvu, akamupandisha nyuma ya pikipiki yake, akamupeleka Bukama. Lakini maneno yalikuwa yameshatangulia. Yalifika Kamina mbele yetu sote.

KATOTO

Nilifika kwa yaya bila mashini. Alikuwa ameshatengeneza kibanda chake, na sakafu laini ya kuiweka. Alinipa maji, akanipa samaki wabichi na bukari, akaningoja nile. Sikuweza kula bukari.

"Mashini tutapata ingine," Yaya Mujinga akasema. "Yule mwenye kufa ni nani?"

"Ni mutu wa kinga. Numbi."

"Walimuzika wapi?"

"Pale chini ya mutelemuko."

"Na bibi yake anajua?"

Nikasema sijui. Yaya yangu ni mutu wa maneno machache. Aliinuka, akaanza kukusanya samaki wakavu kwa majirani, nyumba kwa nyumba. Siku ya tano akaweka vikapu viwili mbele yangu. "Alishuka kutafuta samaki," akasema. "Basi samaki wapande."

KUPANDA NA KINGA YA NUMBI

Kinga ilikuwa bado pale kwa chifu, rimu imepinda. Mimi na vijana wa pale tuliinyoosha kwa mawe. Nilifunga vikapu nyuma kwenye siti, kimoja juu ya kingine, kwa sababu ilikuwa rahisi kwa mbavu zangu. Sikufika hatua ishirini. Kinga ilinitupa kwenye majani kama mutoto aliyekataa kubebwa. Nikakaa chini nikamusikia Numbi: inakuwa na kiburi. Nikafungua kamba zote, nikaning'iniza vikapu pembeni, chini kabisa. Ikasikia.

Ule mutelemuko tulioushuka bila moteri, nilipanda kwa siku moja nzima. Kila hatua nilisukuma, na kila hatua kitu kilivuta nyuma. Sikukasirika nacho. Madame alisema hakina hasira na mutu, na kwa siku ile nilimuelewa kwa mabega, kwa magoti, kwa pumzi. Kwenye kona niliona mashini yangu chini, gurudumu limepasuka. Mvua ilikuwa imenyesha, sementi imekuwa jiwe juu ya majani.

Siku ya nne nikafika kijiji cha Numbi. Muke wake aliiona kinga kwanza, halafu mimi. Hakulia mara moja. Alishika usukani kama mutu anayeshika mukono.

"Walisema ni mama mumoja mulozi njo aliangusha gari," akasema.

"Hapana, Mama. Mashini iliwekwa juu."

"Nani aliweka?"

"Minyi. Balitaka kuweka chini, minyi nilitoa jogoo baweke juu."

Kuku walikuwa wanapita kati yetu. Mwisho akauliza kama mume wake aliumwa sana, nikasema hapana, ilikuwa mara moja. Nayo ni kweli.

"Fungua samaki," akasema. "Wadudu watawaingia." Ndipo akaanza kulia, huku mikono yake inafungua kamba.

KAMINA TENA

Sasa majina. Mwilambwe, aliyetoa vitesi kwenye mutelemuko na kukimbia, nimesikia anaendesha kamio nyingine. Grue, aliyejua uzito kwa mikono yake mwenyewe, akakubali jogoo, halafu akatafuta mutu wa kubebesha. Mama Godoro, ambaye mukono wake umepona vibaya. Ninamuhurumia, lakini alisema alichosema. Na Banza, ambaye ni mimi, mara mbili: mara ya kwanza parkingi, mara ya pili niliposema "Niliona." Madame Ngoie hakuangusha kitu chochote isipokuwa bukari, nayo ilikuwa tamu.

Jana nilienda kwake. Alifungua mulango nusu. Saa hakuwa nayo, hawakuirudisha.

"Umekuja kuona tena, Papa Banza?"

"Hapana, Madame. Nimekuja kuomba mukebe."

Alinielewa polepole. Aliingia ndani, akaniletea mukebe murefu wa tomati, umeoshwa.

Siku ya tano ya juma hili wazazi wanakutana shuleni. Nitakuja na mukebe huo, na sahani, na bukari iliyopikwa nyumbani kwangu. Binti yangu Odette, ambaye nilimutoa darasani kama ninyi, atasimama kando yangu. Nitaiangusha kamio mara tatu mbele ya watu wote, kwa mukono wangu, halafu nitasema nani aliweka mashini juu, halafu nitalila lile donge. Ninyi wa kwa fundi wa kinga mukuje, tafazali. Muketi mbele. Na mumoja wenu alete sombe.